Meja, Mwambie Aliyeshika Usukani

Wamarekani walipokuwa wanaondoka kisiwa cha Santo, vita vya dunia vimekwisha, walifanya jambo ambalo mpaka leo wazee wetu wakilisimulia hushika vichwa. Walichukua malori mazima, matingatinga yanayonguruma na makreti ya soda ambayo hayajafunguliwa, wakayasukuma yote baharini. Kuyarudisha kwao hawakutaka, na kutuachia hawakutaka. Siku ya mwisho sajenti mmoja alimwonyesha Tari, kibarua wake, gari refu la magurudumu sita lenye tumbo kama la mtumbwi, akamwambia, "Na hili nalo, litumbukize."

Tari alikuwa kibarua mtiifu. Akapanda, akawasha, akalitumbukiza. Sasa kosa ni la nani ikiwa gari lenyewe liliundwa litembee nchi kavu na majini? Liliingia baharini likaelea, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia asimame wapi, Tari akaendelea nalo moja kwa moja hadi kwao Aravu, kisiwa cha ng'ambo ya mlango wa bahari. Sajenti alibaki ufukweni anacheka hadi kofia ikamdondoka. Wamarekani wenyewe walikuwa wakiliita gari hilo Bata, na Tari hakuona sababu ya kulibadilishia jina.

Tangu siku hiyo Tari akawa mtu wa watu. Nazi kavu za Aravu zilivuka kwa Bata, wagonjwa walivuka kwa Bata, na Jumapili watoto walivuka kwenda ng'ambo na kurudi bila shughuli yoyote. Alilijua lile gari kwa sauti tu. Kila likitoka majini alilala chini yake na kufungua vizibo vitatu vya chuma vilivyo tumboni, maji ya ndani yachuruzike. Kabla ya kuingia tena alilala chini na kuvifunga. Kazi hiyo hakumwachia mtu, maana gari lisilo na vizibo, likiingia baharini, halina tofauti na chujio la tui.

Lakini heshima ina milango yake, na mlango wa ukweni ulikuwa umefungwa. Kwetu mwanamume hupimwa kwa nguruwe. Tari alimwoa Rovea kwa nguruwe wa kuazima, na mkono mtupu haulambwi. Baba mkwe wake, mzee Vuti, akimwona juu ya Bata alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika, "Huyo kijana wa bati." Mama mkwe hakusema lolote, kwa sababu hakuruhusiwa. Mwanamume na mama mkwe wake hawasemezani, hawatajani majina, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, na wakikutana njiani mmoja hupisha porini. Siku moja Tari alikutana naye ghafla kwenye kona ya shamba la magimbi, naye kwa heshima akajirusha kwenye kichaka kilichokuwa karibu. Kilikuwa cha upupu. Alikaa humo kimya mpaka mama akapita, na mama, Mungu anamwona, siku hiyo alitembea polepole kuliko kobe. Jina lake nami silitaji, maana katika habari hii niko upande wa Tari.

Mama huyo alikuwa na nguruwe anayeitwa Meja, kwa kumbukumbu ya Meja mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akila vizuri na kufoka sana. Meja alikuwa nguruwe wa pete. Aling'olewa meno ya juu angali mdogo ili meno ya chini yapate njia, nayo yakakua, yakajipinda, yakazunguka mpaka ncha zikarudi tayani zilikotoka. Nguruwe kama huyo hafukui wala hatafuni kigumu. Alilala chini ya paa, akalishwa nazi na viazi vikuu vilivyotafunwa kwanza na mama, tonge kwa tonge, tangu Rovea akiwa msichana mdogo. Meno hayo yakiwa mazima, mwenye nguruwe humuua kwa rungu mbele ya wazee, akapanda daraja la heshima na kupewa jina jipya. Ukivunjika hata ukingo, una kitoweo tu.

Mzee Vuti alikuwa ameshajaribu mara mbili kupanda daraja, na mara zote mbili nguruwe alivunjika jino ndani ya mtumbwi, katikati ya safari ya kwenda kwenye uwanja wa ngoma wa ukoo wake, huko Santo. Watu walicheka, kwanza pembeni, kisha hadharani. Meja alikuwa wa tatu, na mzee hakuwa tena na umri wa kungoja wa nne. Wanaume walipotangulia kwa mitumbwi kwenda kuandaa uwanja, mama alitangaza kwamba Meja hatapanda mtumbwi wa mtu yeyote.

"Rovea," alisema, amempa mgongo Tari aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale, "muulize mumeo, bati lake lile linavuja?"

"Mwambie mama halivuji," Tari alisema, naye amegeukia upande wake.

"Mwambie mumeo likivuja, kwenye karamu tutamchinja yeye, Meja tutamwacha."

"Mama, amekubali," Rovea alisema mwenyewe, maana alikuwa na mimba kubwa na alishachoka kuwa daraja la watu wazima wawili wenye midomo yao.

Tari hakulala vizuri kwa furaha na hofu. Akimvusha Meja salama, nani tena atamwita kijana wa bati? Na jino likivunjika mikononi mwake, atauweka wapi uso wake? Jioni ile alikuwa amefunga vizibo vyote vitatu na kuvikaza kwa spana. Asubuhi alitaka kulala chini avitazame tena kama ada, lakini alimkuta mama mkwe ameketi kwenye kivuli cha Bata, ameegemea gurudumu, anamlisha Meja. Kwenda kutambaa karibu na miguu ya mama mkwe? Heri kichaka cha upupu. Akajiambia, nimevifunga mwenyewe, vitakwenda wapi?

Wakampakia Meja kwa ubao, amefungwa kamba laini za magome, akalazwa juu ya majani ya migomba. Mama akaketi nyuma yake na kikapu chake. Kati yao na usukani pakatundikwa mkeka, ili Tari hata akijisahau asione kitu. Rovea alipanda wa mwisho, akae katikati awe mdomo wa wote. Tari akawasha injini. Harufu ya mafuta ikampanda Rovea puani, akatapika, akasafisha kinywa, akashuka.

"Mimi siendi," alisema. "Nyinyi ni watu wazima. Mtafika."

"Rovea!" wakaita wote wawili kwa pamoja, halafu wote wawili wakanyamaza kwa aibu ya kuita pamoja. Rovea alikuwa ameshapanda kilima kwenda nyumbani. Ngoma za ng'ambo zilianza kusikika, na nguruwe hangojewi hadi kesho. Tari akaingiza gia, Bata likateremka mchangani, likazama hadi kiunoni, likaelea. Akavuta mkono wa propela, wakaondoka.

Walikuwa wamefika mbali kiasi cha kutoona tena nyumba za Aravu, ndipo sauti ikatoka nyuma ya mkeka.

"Meja, mwanangu, mbona kwato zako zimelowa?"

Tari alitazama mbele. Hakuulizwa yeye. Lakini aliyeulizwa alikuwa anakoroma tu, na mtu mzima hawezi kuacha swali likining'inia.

"Meja," aliliambia dirisha, "mwambie anayekuuliza kwamba gari lolote la majini huingiza maji kidogo. Pampu itayatoa."

"Meja, mwambie bingwa wa magari kwamba hayo maji kidogo yamefika kwenye vifundo vya miguu yangu."

Hapo Tari alilisikia Bata lenyewe. Lilikuwa zito, linapanda wimbi kwa kujikongoja, na pua imeanza kuinama.

"Meja," sauti ya nyuma iliendelea, taratibu, "mimi si mtu wa kuulizwa mambo ya vyuma. Lakini ningeulizwa, ningesema viko vyuma vitatu vya mviringo kwenye kikapu changu."

"Vyuma gani?" Tari alipiga kelele, kisha akajiuma ulimi. "Meja! Vyuma gani, Meja?"

"Nilikuoshea humu ndani alfajiri, Meja, kwa sababu palikuwa pananuka mafuta ya Wamarekani, nawe hupendi. Maji machafu yakagoma kutoka. Nikachukua ile spana, nikaingia chini nikafungua, kama ninavyomwona mtu fulani akifanya kila siku. Vyuma nikavihifadhi, maana watoto wa siku hizi ni wezi. Nikasema nitamwambia Rovea amwambie mtu fulani. Na Rovea umemwona mwenyewe."

Tari akavuta pumzi. "Meja, mwambie mama yako asante sana kwa usafi."

"Meja, hiyo ni kejeli?"

"Meja, si kejeli. Ni shukrani za mtu anayezama."

Ngoma za ng'ambo zilizidi kusikika, na maji yalikuwa yakicheza ndani. Meja akaanza kuhangaika kwenye kamba zake. Tari aliyaona yote kwa mara moja: vizibo hufungwa kwa nje, chini ya tumbo, kwa hiyo lazima mtu apige mbizi. Injini haiwezi kuzimwa, maana ikizimwa pampu nayo inazimika. Na usukani ukiachwa, Bata litageuzia mawimbi ubavu, Meja atabiringika juu ya chuma, na pete iliyotafuniwa nazi miaka yote ile italia *ka!* mara moja tu.

"Meja," alisema, "nikishuka majini, usukani unabaki peke yake. Nawe huna mikono."

Kukaa mahali anapokaa mkwe, pakiwa bado na joto lake, ni jambo ambalo mama zetu wangeona heri kufa kuliko kulifanya. Tari alijua anachoomba, na aliona haya mpaka masikio yakamuwaka.

"Meja," hatimaye mama alisema, sauti imeshuka, "nakufungia kikapu shingoni. Mwenye kukihitaji atakichukua kwako. Nami nitapita kulia. Mwingine apite kushoto. Na kila mtu atazame bahari yake."

Ndivyo walivyopishana, kuzunguka nguruwe, yeye amefunika uso kwa kiganja, Tari amefumba macho kabisa na kujigonga goti kwenye kila kilichokuwepo. Akapapasa shingo ya Meja, akapata kikapu, akachukua vizibo, akajifunga kamba ya ubavuni na kujitupa baharini.

Kizibo cha kwanza kiliingia bila shida. Cha pili alikifunga akiwa anaona nyota. Cha tatu alikishika vizuri, akakisogeza kwenye tundu, wimbi likamsukuma kidogo tu, kikamponyoka. Alikitazama kinavyoshuka kinang'aa, kikifuata njia ya malori na matingatinga. Akaibuka, akavuta hewa, akawaza. Mwilini hakuwa na kitu isipokuwa kaptura ya Kimarekani, nene, ya kaki. Liwalo na liwe. Akaivua, akaikunja ngumi, akashuka akaikandamiza tunduni mpaka ikakaza.

Pampu ikaanza kuyashinda maji. Bata likainua pua. Tari akaibuka ubavuni, ameshika kamba kwa mikono miwili, hai, mshindi, na uchi kama alivyozaliwa. Kupanda garini sasa kusingewezekana, hata kwa bunduki.

"Meja!" aliita kutoka chini. "Mambo yamekaa sawa! Lakini mimi nitabaki huku!"

"Meja, muulize kwa nini!"

"Meja, mwambie asiulize!"

Mama alikuwa mtu mwenye akili. Hakuuliza. Aliangalia tu mbele kwa nguvu zaidi.

"Meja! Zungusha kidogo kulia!"

"Meja, kulia kwake au kwangu?"

"Kwa wote, Meja! Tunatazama upande mmoja!"

Na Bata likazunguka kulia. Mwanzo lilikwenda kama mlevi aliyetoka kunywa kava, kisha likanyooka. Baada ya muda Tari, akiburutwa kama chambo, alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia tangu aoe. Mama mkwe wake alikuwa anaimba.

Ufuko ulipokaribia alipaza sauti, "Meja! Vuta mkono wenye kitambaa chekundu, magurudumu yashike! Halafu breki ni ile ya katikati!" Ya mkono mwekundu yalisikika. Magurudumu yalishika mchanga, Bata likapanda kutoka baharini linachuruzika. Ya breki yalimezwa na ngoma. Tari aliachia kamba, akaingia mitini, akabaki anachungulia kati ya majani huku akinong'ona, "Ya katikati, Meja, ya katikati," kana kwamba Meja angemsaidia.

Bata liliingia uwanjani wakati ngoma zimepamba moto. Wazee wa daraja la juu, ambao kwa desturi hawakimbii hata kimbunga kikija, walikimbia, manyoya yao ya vichwani yakibaki hewani nyuma yao. Bata likazunguka magogo ya ngoma mara moja, likazunguka mara ya pili kwa kuzoea, kisha mama akaipata breki na kusimama mbele ya chungu ya viazi vikuu. Mzee Vuti alikuwa amesimama pale, amepakwa rangi, rungu mkononi. Alimtazama mkewe kwenye kiti cha mkwe.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Yuko kwenye majani. Hana nguo," mama alisema. "Usimame na kushangaa nini? Mteremshe Meja."

Wazee wakarudi mmoja mmoja wakijifanya walikwenda kuangalia jambo. Mkubwa wao alipitisha kidole kwenye jino la kulia, akazunguka nalo. Akapitisha kwenye la kushoto. "Mazima," alisema. "Yote mawili."

Ukatokea ubishi kidogo juu ya faini. Mmoja alisema mama ameketi mahali pa mkwe, na hilo lina malipo. Mwingine akauliza Bata ni nyumba au ni mtumbwi, maana katika mtumbwi unaozama hakuna wakwe, kuna wachota maji tu. Wengine wakasema lina magurudumu, kwa hiyo si mtumbwi. Mzee Vuti aliwaacha wabishane, akavua shuka lake la juu, akalipeleka mwenyewe hadi kwenye majani. Hakusema neno juu ya bati. Alisema, "Vaa, mwanangu, uje usimame karibu yangu."

Tari akasimama karibu yake, na hiyo ndiyo siku aliyoota tangu aoe. Rungu likamshukia Meja mara moja. Mzee Vuti akapewa jina la Molivuti, watu wakalipokea kwa kelele hadi ndege wakahama miti. Lakini Tari, katikati ya furaha yake, aligeuza macho akaona mahali wanawake walipoketi pana pengo. Mama hakuwepo. Alikuwa nyuma ya Bata, ameinamia majani ya migomba aliyolalia Meja, anayakunja moja moja, mdomo wake ukitafuna polepole, na ndani ya mdomo hamna kitu.

Kesho yake wengine walibaki kula. Mama alitaka kurudi kwa Rovea. Tari alikuwa amechonga kizibo cha mti, akavifunga vyote, akatazama mara tatu. Mama akaketi nyuma. Mkeka ulikuwa umeraruka, hakuna aliyetundika mwingine. Wakaingia baharini, na kati yao palikuwa na nafasi tupu yenye kamba za magome.

Wangesema na nani? Ng'ambo ilipoanza kuonekana, mama aliiambia ile nafasi tupu, "Angekuwepo, ningemwambia amwambie mtu asante. Basi hayupo."

Tari akautazama usukani.

"Angekuwepo," alisema, "ningemwambia amwambie mama yake kwamba mbele upande wa kushoto kuna mwamba. Apite mbali nao."

Kisha akanyanyuka, akapita kushoto, akaenda kuketi puani kabisa, miguu ikining'inia juu ya maji, uso umeelekea Aravu na mgongo umeelekea nyuma. Bata likayumba, likaanza kugeuza ubavu. Tari hakugeuka. Akasikia hatua zikipita kulia, polepole, kisha kiti kikalia kwa uzito wa mtu. Pua ikarudi kwenye njia yake, na mwamba wakaupita mbali.